Ugonjwa Uitwao Hakuna Kitu

Binti wa dada yangu ni fundi cherehani, na kifua humbana mara kwa mara. Daktari alimpima moyo, akampiga picha, akasema, "Hakuna kitu." Shangazi zake, madaktari wa sebuleni, wakaagiza aolewe. Bosi wake akawazidi: "Kifua gani hicho kinauma kazi ikija tu? Ukisimamisha cherehani tena, nenda kwenu."

Mwezi uliopita nilipeleka gauni langu la kanisani kazini kwao likapunguzwe. Bosi akajigonga kidole cha mguu kwenye meza, akakaa chini akigumia kama anayejifungua. Binti akainama, akakitazama kidole.

"Pole, bosi. Nimeangalia vizuri. Hakuna kitu."

Mungu anisamehe, nilicheka. Siku hizi kifua kikimbana, binti husimamisha cherehani, akavuta pumzi taratibu. Bosi hujifanya anatafuta sindano.