Kitabu Nilicholisomea Shimo

Nilipokuwa mtoto kule Kasulo, mtaa wa wachimba madini, nyumba yetu ilikuwa na mlango wa pili sakafuni. Tata, yaani baba yangu, alivunja saruji ya chumba cha kulala akachimba kutafuta kobalti, kama majirani wote, na sisi tulihamia sebuleni, tukisikia sururu zikigonga chini ya mikeka yetu.

Mwaka ule aliahidi kutupeleka Nzilo, pale mto Lualaba unapobanwa na miamba mpaka unanguruma. Mwalimu wangu aliposikia akaniazima vitabu vitatu. "Usiende kushangaashangaa tu," akasema. "Soma kwanza." Kimoja kilikuwa cha ndege, kimoja cha mawe. Cha tatu, kilichochakaa kuliko vyote, kilisimulia habari za msichana aliyechukuliwa na mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye kwetu hata watu wazima hawamtaji ovyo. Nadhani mnajua nilianza na kipi.

Ijumaa mchana nilimsomea mdogo wangu Kazadi kwa sauti. Nkambo, yaani mama yake tata, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mikono yake ikasimama.

"We mutoto! Maji haujaisalimia bado, unaanza kuita mwenye maji mu nyumba?"

"Ni kitabu tu, Nkambo."

"Kitabu! Habari yake banaifunguaka mu nyumba, banaimalizaka mu nyumba. Ukiacha katikati, maji itakuja kutafuta mwisho."

Mtoto akitishwa husikia nusu. Badala ya kumaliza, nilikificha kile kitabu nyuma ya gunia la makaa.

Kesho yake tata alishuka shimoni asubuhi. Juu alibaki jirani yetu Mwepu, mvutaji wa kamba ya magunia. Saa sita ikaja mvua, mvua gani ile! Huko chini shimo letu lilikuwa limekutana na la jirani, na la jirani likameza maji ya barabara nzima. Mwepu akavuta kamba, ikaja tupu. Akaita, tukasikia maji tu. Akatoka mbio kutafuta wanaume wenye pampu.

Nilijua ni mimi. Mlangoni mvua, chumbani shimo, na mimi katikati sina pa kwenda. Nikamwambia Nkambo huku nalia kwamba kitabu sikukimaliza. Hakunipiga; alinituma nikilete. Alirusha konzi ya unga mweupe shimoni kumsalimia mwenye maji, akanikalisha ukingoni na kulikamata gauni langu kwa nyuma.

"Soma. Na nguvu! Maliza."

Nikasoma kwa kupiga kelele. Msichana akazama, akafika kwenye nyumba ya mamba-muntu, mlango ukafungwa nyuma yake. Nikafunua ukurasa, nikakuta jalada. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Mama yangu wee! Msichana yuko chini, na tata yuko chini.

"Mbona unanyamaza?" Nkambo akauliza. Hakujua kusoma, na mimi sikuthubutu kumwambia.

Basi nikawa nafunua kurasa zilezile na kutunga. Nilimtoa yule msichana majini mara nne. Mara nne tata hakutokea, nikalazimika kumrudisha msichana chini. Koo lilikauka, miguu ikafa ganzi. Nilimchukia Nkambo kwa kunishika vile, na niliogopa kwamba ataniachia. Nilipokuwa namtoa mara ya tano, mkono wenye matope ukashika ukingo wa saruji.

Tata alitapika maji, akalala chali.

"Tochi ilizimika," akasema. "Njia iko mingi kule. Nikafuata sauti yako tu. Pale inakuwa kubwa, mi napita." Akakohoa. "Na ule binti, alitoka?"

"Alitoka, tata."

Nzilo hatukwenda. Jumatatu tata alirudi shimoni, kwani tungekula nini? Lakini hakukubali tena kushuka kama mimi sijakaa pale ukingoni na kitabu. Nkambo alisema ndivyo inavyotakiwa. Miaka mitatu nilitoka shuleni moja kwa moja hadi kwenye lile shimo, wenzangu wakiruka kamba nje, nikasoma cha ndege, cha mawe, na kile kisicho na mwisho, hadi sauti ikawa ya kukwaruza kama ilivyo leo. Tata alizeeka akafia kitandani, namshukuru Mungu.

Leo najua kwamba mvua haiitwi na kitabu, na kwamba mtu gizani hufuata sauti yoyote. Nkambo alikosea, lakini alinikalisha mahali panapofaa. Kukosea kwake kulimwokoa tata, na kuliniweka mimi kifungoni. Vyote viwili ni kweli, na nimeacha kuvipatanisha.

Wiki hii binti yangu anakwenda Nzilo na shule yake. Nimemnunulia vitabu vya kusoma kabla ya safari, nikihakikisha kwanza kurasa zote zipo. Jana alisoma kimoja hadi katikati, akakiacha wazi juu ya kiti, akakimbilia nje kuruka kamba. Nilitaka kumwita aje amalize. Nikamwacha acheze.

Kisha nikakaa kwenye kile kiti, nikakisoma mpaka mwisho, kwa sauti.