Sufuria Iliyotoka Birava

Huku Bukavu mtu hatembei bure. Ukionekana njiani na mkoba mgongoni, huna mzigo wa kuuza wala msiba wa kuhudhuria, watu watakutafutia msiba. Madeleine, mwenzangu wa mapokezi katika kliniki moja ya Nyawera, alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alipopata kongé, yaani likizo, alisema ataenda Katana kwa miguu, kando ya ziwa, taratibu, bila sababu yoyote.

Tulimcheka. Mumewe, Gentil, alicheka kwanza halafu akanuna, maana majirani walishaanza kumwuliza amemfanyia nini mke wake. Mimi ninayekaa naye meza moja nilimwelewa. Siku nzima watu wanakusimamia usoni: daktari yuko wapi, mgonjwa wangu amelazwa wapi, mbona hamtujibu. Jioni simu inaendeleza pale walipoachia, kwa sababu Madeleine ndiye mkubwa kwao na kila ugomvi wa familia lazima upite sikioni mwake. Alitaka kusikia maji tu, siku mbili tatu. Sioni kama aliomba kitu kikubwa.

Siku ya kwanza ilimharibikia. Njia ya ziwani imejaa wakwe, na nyumba ya mkwe haipitwi hivi hivi. Kila alipoingia aliulizwa kama amefukuzwa kazini au nyumbani, akaombewa, akalishwa mihogo, akabebeshwa salamu. Jua lilizama akiwa Birava, kwa Papa Zagabe, mjomba wa Gentil, mzee ambaye goti lake bovu halimruhusu tena kwenda mbali. Mke wa mzee huyo, maman Adélaïde, alikuwa amelazwa hospitalini Katana, akiuguzwa na binti yao Elodie.

Jioni hiyo hiyo Elodie alipiga simu: mama anatamani sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, viwe vya kupikwa nyumbani na mchuzi mwingi. Alfajiri mzee alichechemea hadi ufukweni kuvinunua kwa wavuvi, akavipika mwenyewe, jambo ambalo majirani zake hawakuwahi kuliona. Alionja chumvi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akafunga sufuria kwa kitambaa, akaikabidhi kwa mgeni wake, akamwomba apande pikipiki.

"Hapana, papa," Madeleine alisema. "Niko na miguu. Saa sita nitakuwa nimeshafika."

Aliniambia aliona kwamba akipanda pikipiki, kongé yake imekwisha. Mzee hakubishana naye. Mgeni halazimishwi.

Asubuhi ile ndiyo likizo pekee aliyoipata. Simu aliizima. Njiani hakuna aliyemfahamu, hakuna aliyemwuliza kitu. Penye kighuba kimoja maji yalikuwa matulivu, akavua viatu, akaketi juu ya jiwe na kutia miguu majini, sufuria ikiwa kando yake kivulini. Anasema alifurahi mpaka akaona aibu. Hakukaa sana pale. Au alikaa sana. Kila akinisimulia, muda ule unabadilika.

Alipoingia wodini Katana alitafuta uso wa Elodie, lakini kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa godoro lililokunjwa. Kazi yetu imetufundisha maana ya godoro kama hilo. Elodie alikuwa ameketi juu ya chuma cha kitanda, mikono mapajani.

"Haina hata saa moja, yaya," alisema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. "Alikuwa anauliza ile sambaza ya papa. Nilikupigia, simu haipite."

Hakusema kwa hasira. Madeleine angeshukuru kama angemkasirikia. Alisimama na sufuria yenye uvuguvugu bado chini ya kitambaa, hajui aiweke wapi, hajui aombe msamaha kwa nani.

Sambaza walizila wagonjwa wa vitanda vya jirani na ndugu zao, kwa sababu chakula hakimwagwi. Elodie akaosha sufuria. Baba yake alikuwa hajajua lolote: kwetu mzee aliye peke yake hapewi habari ya kifo kwa simu, lazima mtu aende. Elodie hakuweza kuuacha mwili wa mama yake kabla kaka zake hawajafika, kwa hiyo wa kwenda alikuwa Madeleine. Na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, Elodie alitafuta cha kutia ndani. Hakukuwa na unga wala ndizi. Akatia rozari ya mama yake na kilemba chake, akafunika, akafunga tena kile kitambaa.

Safari hii Madeleine alipanda pikipiki. Njia nzima alipanga maneno na kuyapangua. Ziwa lilikuwa kushoto kwake na hakuligeukia hata mara moja.

Papa Zagabe alikuwa ameketi mlangoni akingojea habari. Alinyoosha mikono yote miwili, akaipokea sufuria kabla mgeni hajafungua kinywa, akaipima uzito, akatabasamu.

"Amekula yote," alisema. "Na amenitumia kitu."

Madeleine, ambaye pale mapokezini hakosi jibu kwa mtu yeyote, alinyoosha mkono kuirudisha sufuria, akaushusha. Mzee akaketi vizuri, akaweka sufuria juu ya lile goti lake zima, akaanza kufungua kitambaa.