Marashi ya Harusi ya Dada

Juzi, katika duka moja hapa Tabora mjini, nilimwona binti akinusa marashi ya waridi chupa baada ya chupa, muuzaji akimpaka kiganjani na kucheka naye. Hasira niliyodhani imekwisha ikanipanda upya.

Nilikuwa mdogo mama aliponitoa Igalula kwa treni, tuje kununua marashi ya harusi ya dada yangu. Dukani alinusa chupa ya kwanza, akasema ina ukali wa spiriti. Ya pili ilikuwa tamu kama pipi. Alipofungua ya tatu akafumba macho.

"Nusa, mwanangu. Hili ni ua lenyewe."

Mwanamke mwenye duka akampokonya chupa, akaifuta kwa kitambaa. "Mnavyonukia tumbaku hivyo, marashi ya nini tena?"

Kwetu tumbaku ilipokaushwa, kijiji kizima kilinukia, nami niliipenda harufu ile. Nikadhani tumesifiwa. Nikasema kwa adabu, "Asante, shangazi."

Wateja wakaangua kicheko. Mama akanishika mkono tukatoka, tukapanda treni kurudi nyumbani.

Dada alipoulizia marashi, mama akajibu, "Mjini hawakuwa na mazuri."

"Yalikuwepo!" nikaropoka. "Mama mwenyewe aliyasifu!"

Akanizaba kofi, mara ya kwanza maishani mwangu. Nililia nikiamini nimepigwa kwa kusema kweli, na nikamnunia hadi harusi ikapita.

Kofi lile nililisamehe siku nilipoelewa. Yule mwanamke sijamsamehe, wala sina mpango huo.