Kichwa Kutoka Mikumi

Kichwa cha zamani cha gramafoni yangu kilikuwa kinaua santuri. Kichwa ni kile kipande cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano, na changu kilikuwa kizito mno, kiasi kwamba baada ya kila wimbo nilikuta unga mweusi kwenye ncha. Unga ule ndio muziki wenyewe, umechongwa. Santuri nilizorithi kwa baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli hapa Kilosa, zilikuwa zinakwisha mbele ya macho yangu.

Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwa kusoma na kufungua vitu, na nilielewa kwamba mtu asiye na fedha nyingi aanze pale sindano inapogusa santuri. Spika kubwa hazirudishi kilichokwisha kukwanguliwa. Fundi wangu wa redio wa Magomeni ya hapahapa Kilosa, ambaye hunitania kwa kuniita profesa, alikubaliana nami. Ndiye aliyesikia kwamba nyumba moja ya wageni Mikumi ilikuwa na gramafoni mbovu stoo, yenye kichwa chepesi kizima.

Nilikwenda mwenyewe. Mota ilikuwa imeungua na mkono umevunjika. Nikakata nyaya, nikatoa kichwa, nikakiviringisha katika kipande cha kanga nyekundu nilichopewa jikoni, nikakitia kwenye mfuko. Mlinzi akaniongezea santuri moja iliyokuwa haina jalada.

Wakati wa kurudi, tairi la basi letu lilipasuka Kilangali. Tukashuka. Mtandao ulikuwa hafifu, kwa hiyo nilipompigia fundi nilipaza sauti.

“Kichwa nimekipata!”

“Na mkono je, profesa?”

“Mkono nimeuacha hukohuko, ulikuwa umevunjika! Nimekata shingoni, nimechukua kichwa tu. Ninacho hapa kwenye mfuko!”

Kando ya barabara walisimama watu wenye fimbo na mipini ya majembe. Nilidhani wanasubiri gari. Kumbe walikuwa wanatoka kumtafuta mtoto wa kike wa kijiji kile, ambaye hakuwa ameonekana tangu jana yake.

Pigo la kwanza lilinipata sikio la kushoto. Sikusikia kishindo, nilisikia mluzi mrefu ndani ya fuvu. Nilipoanguka walinifuata chini. Mmoja alikaa mgongoni, mwingine akanikanyaga vidole, na mpini ukanivunja jino. Katikati ya mluzi nilisikia vipande vya maneno.

“Kichwa cha mtoto! Kasema mwenyewe, kakata shingoni!”

“Leteni tairi!”

Na tairi lilikuwapo, lile letu lililopasuka. Wakalibingirisha hadi nilipolala. Dereva alijaribu kunitetea, akapigwa makofi mpaka akarudi ndani ya basi. Kijana mmoja alikwenda kuomba petroli kwa mwenye bodaboda.

Ndipo akaja mama wa mtoto. Watu wakampisha. Hakupiga kelele.

“Fungueni nione,” alisema.

Walipoitoa kanga nyekundu, mtu mmoja alianza kulia. Wakaikunjua. Ndani yake mlikuwa na kipande cha bati kisichofikia kidole gumba, na chini yake sindano. Nilifikiri yamekwisha.

“Sindano!” akapaza sauti yule aliyekuwa mgongoni kwangu. “Mumiani huyu! Ndiyo ya kunyonyea damu!”

Wakaanza upya, na safari hii walipiga vibaya zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wameona kwa macho.

“Mama,” nilisema, “ni ya muziki. Inaimba.”

Kijana wa petroli alikuwa amerudi na chupa. Akacheka. “Iimbe basi, babu! Iimbe kabla hatujakuwasha!”

“Niachieni mikono,” nikasema.

Yule mama aliwaambia waniachie. Nilikuwa na penseli kwenye shati. Nikautandaza mfuko chini, nikaichomeka penseli juu yake hadi ardhini, nikaipitishia tundu la ile santuri ya mlinzi, nayo ikalala juu ya mfuko. Nilijua, kwa kuwa nimesoma na nimejaribu, kwamba sindano ikipita kwenye mfereji wa santuri hutoa sauti hata bila amplifaya, sauti nyembamba kama ya mbu. Nikashika kichwa kwa mkono wa kulia, nikazungusha santuri kwa kidole cha kushoto, mwendo nikiukisia.

Sikusikia kitu. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia limejaa mluzi. Sikuwa na njia ya kujua kama inaimba, isipokuwa uso wa yule mama, naye alisimama mbali.

“Inama, mama. Karibu kabisa.”

Akapiga magoti. Uso wake haukubadilika. Nikakandamiza, ingawa kila ninachokijua kuhusu sindano kinakataza, na nikahisi kijiti kinachobeba ncha yake kikipinda chini ya kidole. Damu ya mdomo wangu ilidondoka juu ya santuri. Niliendelea kuzungusha.

“Nyamazeni,” alisema. Kisha akasema tena, taratibu, “Kuna mtu anaimba humu.”

Kijana mwenye chupa akainama, akajitoa haraka. “Kweli bwana! Mwanamume, na gitaa!”

“Hebu nami nisikie,” akasema mwingine, akinisukuma kwa goti kama vile tupo foleni dukani.

Mama alisimama. Akanitazama mimi, si wao. “Basi mwanangu yuko wapi?”

Akaokota fimbo yake, akaelekea kwenye mashamba ya mpunga, nao wakamfuata. Mmoja alinipiga teke la mbavu akipita. Labda alikuwa amekwisha kujiandaa.

Mtoto alipatikana kesho yake Dumila. Shangazi yake alikuwa amemchukua bila kuaga.

Fundi alinitafutia sindano nyingine ya kichwa kilekile. Alipokuja kuifunga nyumbani kwangu, aliweka santuri ya baba, akateremsha mkono polepole, akarudi nyuma hadi katikati ya spika mbili. Unga mweusi haukutokea tena.

“Spika ya kushoto inalia sawa, profesa?” aliuliza, macho yake kwenye waya.

“Niambie wewe,” nikamjibu.