Usiniletee Majibu ya Adabu

Siku niliyokwenda mtaa wa Kilburn kwa Bi Mwanaidi haijanitoka, mwanangu, na kila nikiisimulia damu inanichemka. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa juzi tu kwenye ofisi ya ubunifu hapa London. Tulikuwa tukitengeneza programu ya simu ya wagonjwa wa kisukari kupangia miadi ya kliniki ya macho. Tukawatumia maswali mtandaoni wazee waliokuwa wakiijaribu. Majibu yakarudi mazuri mno, hasa ya wazee wetu Waswahili. Mkubwa wangu akafurahi. Mimi nikashtuka, maana wazee hao nawajua.

Nikaomba nikakae nao majumbani, nione wanavyoitumia. Mkubwa akasema muda hakuna. Basi nikaenda Jumamosi, siku yangu ya mapumziko.

Bi Mwanaidi, mjane wa Tanga, alinikaribisha chai na vitumbua. Nilipomuuliza habari ya programu akasema, "Nzuri, mwanangu, Mungu awabariki." Sikubishana. Nilikula kwanza, kisha nikamwomba apange miadi mbele yangu. Akabonyeza, akaisogeza simu karibu na pua, akabonyeza tena, mwisho akaiweka mezani. Kumbe hakuwahi kupata miadi hata moja, na jicho la kushoto lilishaingia ukungu.

"Sasa bibi, mbona ulijibu ni nzuri?"

"Nilibonyeza kile kikatuni kinachocheka. Watu wamenisalimia vizuri, wananiuliza kazi yao ikoje. Nitawavunjaje moyo?"

Nikampangia miadi mwenyewe palepale. Siku ya miadi ilipofika, daktari akamwambia amechelewa, jicho lile halitaona tena. Nikamweleza mkubwa wangu. Akasema huyo ni mtu mmoja, kisha kwenye kikao akawaonyesha wateja waliotuagiza programu safu za vikatuni vinavyocheka, na cha Bi Mwanaidi kimo. Watu wakapiga makofi. Sijamsamehe, na sina mpango huo.

Basi wewe unayebuni vitu vya watu, nisikilize. Maswali ya mtandaoni tuma, yatakuonyesha pa kuanzia. Kisha nyanyuka uende. Kaa nao, kunywa chai yao, tazama mikono yao inakwama wapi. Mzee wetu akikwambia ni nzuri, jua amekustahi tu, bado hajakujibu. Na mkubwa akikukatalia ulichokiona kwa macho yako, mkere mpaka asikie.

Mungu akupe afya, akufungulie milango ya watu, na hii hasira yangu akurithishe nzima.