Upande wa Pili wa Boksi

Kazi yangu ni kurudisha watoto wa mitaani kwao. Watu husema nina moyo. Mume wangu husema nina ubishi, na yeye ndiye anayenijua.

Wale dada wawili niliwakuta Geita, kwenye kibaraza cha duka la nafaka sokoni, wamelala juu ya boksi moja lililokunjuliwa. Mama yao alifariki zamani. Baba alifukiwa na kifusi duarani, kwenye shimo alimokuwa akichimba dhahabu. Nilipomuuliza yule mkubwa kwa nini walitoroka kwa ndugu zao, alijibu, "Walitugawa, mama."

Kwetu Usukumani, msiba ukiisha ukoo hukaa kikao na kugawana yatima, ili asiwepo wa kukosa mlezi. Si ukatili, ila jaribu kumweleza hivyo mtoto.

Nilipowarudisha kijijini kwao Didia walipokelewa kwa vigelegele, bibi analia, kuku anakimbizwa. Kikao kilipokaa nikasema hawa msiwatenganishe. Nikarudia, sauti ikapanda mpaka nikakumbushwa kwamba niko nyumbani kwa watu. Baba yao mkubwa akanijibu kwa upole ulioniuma kuliko tusi.

"Mayu, mama yetu, mahindi yamekauka. Wote wawili hapa tutawalisha nini? Mdogo atabaki, mkubwa aende Chato kwa shangazi yake. Wote watasoma."

Nikatoa daftari, nikaandika namba ya simu ya shangazi.

Siku ya kuondoka mkubwa hakulia. Alimfunga mdogo wake vifungo vya sweta, akamnong'oneza kitu sikioni, akapanda basi.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilipita tena soko la Geita. Mdogo alikuwa pale pale kibarazani, miguu imepasuka, amekaa upande mmoja wa boksi. Upande wa pili ameupangusa vumbi, hauna kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefikaje huku, mwanangu?"

"Nilidandia lori la mkaa. Dada alisema tukipotezana, tukutane hapa."

Nikasogea pembeni, nikampigia simu shangazi wa Chato. Alifurahi kunisikia. Mtoto hajambo, yuko shule, ameanza hata kucheza na wenzake. Mwanzoni alikuwa akilia kila jioni akimtaka mdogo wake. "Siku hizi hamuulizii tena," akasema, akamshukuru Mungu. Nikaitikia amina, kwa sababu ndicho nilichokuwa nikikiombea, mtoto atulie, asome, acheke. Sikujua kama maombi yakijibiwa yanaweza kuuma namna ile.

Nikarudi kibarazani. Macho ya mdogo yalikuwa kwenye simu yangu. Nikamwambia twende kwa mama ntilie tukanywe chai na chapati, halafu tutaongea. Nilimwona akimeza mate. Kisha akatikisa kichwa, akalishika boksi kwa mikono miwili.

"Dada akija asiponikuta?"