Nilivyopandisha frame rate ya train simulator ili baba mkwe asitoke nje

Wakuu, poleni na shughuli.

Kila wiki naona mtu humu anauliza jinsi ya kupandisha frame rate, ile idadi ya picha kwa sekunde, kwenye train simulator, hii game ya kuendesha treni, na kila wiki anajibiwa "nunua graphics card mpya". Hayo ni majibu ya watu wenye pesa.

Mimi nitawaeleza nilivyofanya bila kununua hata waya, na kwa nini nilifanya kwa haraka vile. Sitatia chumvi. Mke wangu anasoma jukwaa hili, nikidanganya atanisuta mbele yenu.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Nakuru, naishi mtaa wa Section 58. Mwaka jana karibu wote nilikuwa najenga route yangu mwenyewe kwenye editor, ile sehemu ya hiyo game ya kujengea njia, reli ya kutoka Nakuru hadi Njoro. Niliweka stesheni, nyumba za mabati, miti, mashamba ya ngano, na watu wamesimama platform na mizigo yao. Hao watu nilijivunia kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Shida ni kwamba mashine yangu ni ya mitumba, kumbukumbu yake, yaani RAM, ni MB 256 tu, na pale stesheni ya Nakuru frame rate ilikuwa inashuka hadi saba. Saba, wakuu. Hiyo si treni, ni albamu ya harusi inafunuliwa ukurasa kwa ukurasa.

Nilikuwa nimezoea. Kisha akaja baba mkwe.

Mzee huyu aliendesha treni maisha yake yote ya kazi, za mizigo na za abiria, kisha akastaafu na kwenda kulima ng'ambo ya Njoro. Mwezi wa kwanza mwaka huu, zile vurugu za baada ya uchaguzi zilipoonekana kutulia, alikuja mjini asubuhi kumletea binti yake maziwa na mboga. Eunice wangu alikuwa mjamzito, tumbo limemlemea. Mzee alipanga kurudi jioni ile ile.

Kabla ya saa sita mchana mji ulikuwa unawaka.

Maduka yalifungwa, barabara ya Njoro ikazibwa kwa mawe, tukatangaziwa curfew, mtu asitoke nje. Mama mkwe alibaki shambani peke yake. Simu yake haikushika siku hiyo wala kesho yake.

Sasa, kwao baba halali kwenye nyumba ya binti aliyeolewa. Ni mwiko. Mzee akatafuta njia yake: alikaa kwenye kiti karibu na mlango usiku kucha, koti mwilini, viatu miguuni.

"Kukaa si kulala," alituambia.

La desturi akawa amejitatulia. La mkewe halikutatulika. Kulipokucha akasimama na kujinyoosha mgongo.

"Mimi naenda. Nitafuata reli kwa miguu mpaka nyumbani. Hiyo njia naijua hata nikifungwa macho."

Eunice akaanza kulia. Mimi nilikohoa tu. Waliooa mnanielewa: mkwe hakatazwi. Huwezi kumsimamia baba wa mke wako ukamwambia keti chini, hata kama moshi unauona dirishani na filimbi za vijana unazisikia barabara ya nyuma. Niliogopa sana.

Macho yangu yakaangukia kompyuta.

"Baba, kabla hujaenda, hebu niangalilie kitu. Hapa kwa signal ya kutoka Nakuru nadhani nimekosea."

Akatazama kwa kusimama. Akainama. Mwishowe akavuta kiti.

"Umekosea sana. Nani alikuambia signal inakaa nyuma ya mti?"

Nikamwonyesha funguo za throttle, za kuongeza mwendo, na za breki. Akaondoa treni kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Eunice akanivuta jikoni, akaninong'oneza.

"Umefanya vizuri. Baba hawezi acha treni njiani. Hata akiwa mgonjwa, lazima afike stesheni amkabidhi mwenzake."

Basi nikajua kazi yangu. Treni ikiwa inatembea, mzee yuko ndani. Hesabu ilikuwa fupi hivyo.

Lakini tuliporudi sebuleni tulimkuta amesimama tena. Picha ilikuwa imekwama pale kwenye points za Nakuru, reli zinapogawanyika, na ilipoachia treni ilikuwa imepita signal nyekundu. Kwa dereva wa zamani hilo ni tusi.

"Hii injini inakufa kufa," akasema, akifunga vifungo vya koti. "Acha nikatembee."

"Nipe dakika chache, baba. Ni kitu kidogo nairekebisha."

Wakuu, hapo ndipo uzi wenyewe unaanzia.

Kwanza nilizima kila kitu kilichokuwa kinakula mashine nyuma ya pazia: antivirus, printer, zile programu zinazojiwasha zenyewe. Nikapunguza resolution, ukubwa wa picha, hadi 800 kwa 600, nikazima vivuli. Tukafika kumi na moja. Mzee akaketi, akaondoa treni.

Akakwama tena. Nikapunguza umbali wa kuona mbele. Ilisaidia, lakini mzee akaanza kulalamika.

"Hii ni ukungu ya Mau ama ni nini? Signal naiona nikiwa nimeifikia."

Alikuwa na haki. Ushauri wangu kwenu: msipunguze draw distance kupita kiasi, mtapata frame rate nzuri ya kutazama ukuta mweupe. Nikairudisha katikati.

Kilichobaki ni RAM, na maduka yote yalikuwa yamefungwa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Harjit, anauza vipuri vya magari mjini. Nilijua watoto wake wana kompyuta. Nikatoka mlango wa nyuma, nikamwita kwa sauti ya chini. Akatokea na kilemba chake upande wa pili, macho mekundu, naona hakuwa amelala.

"Unataka unga? Sukari?"

"Nataka RAM."

Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nikamweleza kwa ufupi habari ya mzee. Hakuuliza swali la pili. Aliingia ndani, mimi nikabaki nimebana mgongo ukutani, na nyuma ya geti letu nikasikia miguu ya watu wengi wakikimbia, mmoja akigongagonga mageti kwa chuma. Geti letu likagongwa mara moja, wakapita. Sikupumua mpaka sauti zikaishia mbali.

Harjit akanipitishia kijiti cha RAM juu ya ukuta, kimefungwa kwa leso.

"Sema pole kwa mzee wako. Na usitoke tena hapa nje, tafadhali."

Bahati nzuri kilikuwa aina ile ile. Nikagusa chuma cha kasha kwanza kutoa umeme wa mwilini, nikakichomeka, nikawasha. Ikasoma 512. Frame rate ikapanda hadi kumi na tano, na nje ya mji ikafika ishirini. Mzee akaendesha mchana wote. Akifika Njoro anaomba kurudi Nakuru, akifika Nakuru anaomba tena Njoro. Eunice akapika, tukala. Usiku akakaa kwenye kiti chake bila kulala, kwa sheria yake.

Siku iliyofuata simu ya mama mkwe bado ilikuwa imezimwa. Helikopta ilipita chini sana juu ya mabati yetu. Mzee aliitazama dirishani mpaka ikapotea, kisha akaketi kwenye game, na nikaona mguu wake unacheza chini ya meza. Kila picha iliposita kidogo kwenye stesheni, aligeuka kutazama mlango.

Nikaona kumi na tano haitoshi. Alipoenda kuosha uso nikafungua editor na kufanya kile ambacho kila mtu humu huwa anashauri: nikafuta vitu. Nyumba zote za kando ya reli. Miti. Na watu wa platform, wote, maana kila mmoja wao alikuwa mzito kuliko behewa zima.

Frame rate ikaruka hadi thelathini. Treni ikateleza kama maji. Nilifurahi, siwafichi.

Mzee akaondoka Nakuru bila kukwama hata mara moja. Akapanda ule mwinuko, akapunguza mwendo, akaingia Njoro na kusimama sawasawa kabisa na platform. Kisha hakugusa kitu. Alikaa tu anatazama skrini.

"Watu wameenda wapi?"

"Nimewatoa, baba. Walikuwa wanafanya mashine inakuwa nzito."

"Na nyumba?"

"Hizo pia."

Sikuwa nimefikiria lolote niliposema hivyo. Ni baada ya maneno kutoka ndipo nilipoyasikia. Eunice alifunika uso kwa kanga.

Mzee akasimama. Hakupandisha sauti.

"Naenda kwa mama yenu."

Akashika kitasa cha mlango. Sikuwa na game ya kumpa tena, wala uongo. Nikainama, nikavuta viatu vyangu chini ya kochi na kuanza kufunga kamba. Mkwe hakatazwi, lakini pia haachwi aende peke yake. Eunice alituangalia mmoja mmoja, mkono juu ya tumbo. Bora angepiga kelele.

Mzee alinitazama nikifunga kiatu cha kwanza. Nilipoanza cha pili aliachia kitasa, akarudi, akaketi mbele ya kompyuta.

"Rudisha watu," akasema. "Nitaendesha pole pole."

Nilikuwa na backup, nakala ya akiba. Nikarudisha kila kitu, nyumba, miti, watu na mizigo yao. Frame rate ikaanguka tena hadi kumi na kitu. Yeye akaendesha kwa mwendo wa kobe, na hapo nikagundua jambo ambalo halimo kwenye guide yoyote: treni ikienda taratibu, kusita kwa picha hakuonekani sana na breki unaiwahi. Akawa anapiga honi kwenye kila nyumba. Tuliishi hivyo mpaka giza likaingia, na siku iliyofuata tukaanza tena.

Siku hiyo, mchana, simu ya Eunice ililia. Namba hatukuijua.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Alikuwa ameazima simu ya mtu. Walikimbilia kanisani na majirani, lori la jeshi likawachukua, sasa yuko hapa Nakuru, kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na watu wengine wengi. Nyumba imechomwa. Ng'ombe hajui walipo.

Eunice alimweleza babake yote hayo kwa pumzi moja.

"Yeye mwenyewe ni mzima?"

"Ni mzima, baba. Anauliza kama umekula."

Mzee alisimama hapo hapo. Treni ilikuwa katikati ya njia, stesheni bado mbali, na hakufunga hata breki. Alichukua kofia yake akaelekea mlangoni. Na mimi, mjinga niliyejenga hekima yangu yote juu ya dereva asiyeacha treni, nikamwita.

"Baba, treni haijafika."

Akageuka.

"Kijana, hiyo ni game."

Hatukutoka saa ile, barabara bado zilikuwa zimezibwa. Harjit alisikia habari, akatafuta askari aliyemfahamu, na mji ulipotulia kidogo tukasindikizwa mpaka kwenye lango la uwanja. Ni pale, tukisubiri mama mkwe aitwe ndani, ambapo mzee alinisemesha bila kunitazama.

"Ulidhani unaniweka kwa nyumba na hiyo kompyuta yako."

Nikatazama viatu vyangu.

"Mimi ndio nilikuwa nakuweka wewe. Ningetoka, ungenifuata. Nilijua tangu siku ya kwanza. Sasa msichana wangu na hiyo tumbo angebaki na nani?"

Kumbe siku zote hizo, kwenye hicho kiti, mkewe hajulikani aliko na honi ya uongo mkononi, alikuwa amekaa kwa ajili yangu. Nililia mbele ya baba mkwe, jambo ambalo kwetu pia ni mwiko. Akanipa leso yake, kisha mama mkwe akatokea langoni na mimi nikasahaulika kabisa, kama inavyotakiwa.

Mtoto alizaliwa salama, ni msichana. Wazee wamepanga nyumba ndogo Gilgil. Watu wanawaambia mali hutafutwa, na ni kweli, lakini wao ndio wanaotafuta, si hao wanaosema. RAM nilimrudishia Harjit. Alikataa kuichukua, tukabishana juu ya ukuta, nikashindwa.

Nilichojifunza ni hiki: usidhani wewe ndiye unayemlinda mzee aliyenyamaza. Na kuhusu frame rate, zima programu za nyuma, ongeza RAM, punguza vivuli, acha draw distance katikati. Kufuta vitu iwe ya mwisho kabisa.

Sasa karibuni mchangie, na mwenye matusi ayaweke mfukoni. Swali langu kwa wataalamu ni moja. Pale stesheni ya Njoro bado nakwama kwenye kumi na mbili. Kuna namna ya kupunguza uzito wa watu wa platform bila kupunguza idadi yao? Mzee akija kututembelea, kabla hata hajavua kofia, huwa anawahesabu.